Mdoli wa leba na dakika tano za asubuhi: maoni ya mkunga

Nianze na hukumu, kwa asiye na muda wa kufika chini. Mdoli wa NeoNatalie, wa kujifunzia kumpumulisha mtoto mchanga, ni kifaa kizuri, ila ukifungiwa kabatini ni plastiki tu. Ukiwekwa mezani leba, na akapatikana mtu wa kuwaita wenzake "haya, njooni tufanye," basi katika mafunzo kazini yote niliyopitia sijaona yaliyowafaa watoto wa huku kwetu kuliko haya. Naupa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki nitaeleza imekwenda wapi.

Mimi ni muuguzi mkunga wa kituo cha afya upande wa Singida, kando ya barabara ambayo masika yakikolea hata bodaboda anageuzia njiani. Tunawazalisha Wanyiramba, Wadatoga, Wairaqw na, mara mojamoja, Wahadzabe. Hospitali kubwa ipo, ila iko mbali, na umbali huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Watu wakisema mtoto hapati huduma, huwa wanawaza barabara, nauli, foleni na dawa zilizoisha. Wana haki. Mimi mwenyewe nimewapokea watoto wa homa waliobebwa mgongoni tangu alfajiri. Lakini yuko mtoto mmoja ambaye hayo yote hayamsaidii wala hayamzuii, naye ni yule anayezaliwa amechoka. Katoka, kalegea, hajalia, rangi haieleweki. Huyo hana nafasi ya kungoja gari. Anatakiwa awe ameanza kupumulishwa kabla dakika moja haijaisha. Namba 115 ya m-mama, ile ya kuita usafiri wa dharura wa wajawazito na wachanga, naishukuru sana, imetuokolea akina mama waliokuwa wanatoka damu, lakini hakuna gari la kufika kwetu ndani ya dakika moja. Kwa mtoto huyo, huduma yote ya afya ya nchi hii ni mikono miwili ya aliyempokea. Mikono ikijua, amefikiwa. Isipojua, hata angezaliwa kwenye jengo jipya lenye marumaru, hajafikiwa.

Takwimu zetu zinasema hivyohivyo. Mwaka 2015-16, akina mama 63 katika kila 100 walijifungulia vituoni. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 ukakuta wamefika 81. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikashuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, jambo la kumshukuru Mungu. Lakini tazama wachanga, wale wa siku 28 za kwanza: vifo vyao vilikuwa 25, vikawa 24. Akina mama tumewahimiza waje, wamekuja, wameacha wakunga wa jadi na wamelipa nauli, na mtoto mchanga akabaki karibu palepale. Lengo la dunia ni kufika 12 ifikapo 2030. Kila nikisoma hesabu hiyo naona kazi iliyobaki iko ndani ya chumba chetu cha kuzalishia.

Sasa bidhaa yenyewe. NeoNatalie inatengenezwa na Laerdal ya Stavanger, Norway, kampuni iliyoanza na vitabu na vitu vya kuchezea watoto kabla ya kuhamia kwenye midoli ya kufundishia uokoaji. Huu mdogo unauzwa na tawi lao lisilotafuta faida, Laerdal Global Health, lililoanzishwa 2010. Ukiufungua unakuta kitu kilichonywea, kama chupa ya maji ya moto isiyo na maji. Unaujaza lita mbili za maji ya vuguvugu, unafunga, na ukiuinua unashtuka: una uzito wa mtoto, unalegea kama mtoto, kichwa kinaanguka nyuma usipokishika. Vuguvugu lile linapita mpaka kwenye viganja. Rangi ya ngozi unachagua, na wetu ni mweusi kama sisi. Pembeni zinatoka pampu ndogo za kuminya kwa vidole: moja inafanya kitovu kidunde, nyingine inainua kifua kana kwamba mtoto anapumua mwenyewe. Kulia pia analia, ukiminya. Hivyo mwenzako anakaa pembeni, anashika zile pampu, na yeye ndiye anayeamua mtoto leo analia au halii. Hautumii umeme wala betri. Kwa zahanati hilo peke yake ni sifa kubwa.

Kitu ninachokipenda zaidi ni kifua. Ukishikiza vibaya barakoa ya ambu, ule mfuko wa kuminya wa kumpulizia mtoto hewa, hewa inatokea pembeni na kifua hakipandi. Ukimkunja shingo mbele, hakipandi. Ukimvuta kichwa nyuma kupita kiasi, ile hamu ya kufungua njia ya hewa inaifunga, na kifua hakipandi. Ukimweka sawa, pua ikatazama juu kidogo, kidole gumba na cha shahada vikaikandamiza barakoa na vidole vitatu vikashika mfupa wa taya, siyo nyama laini ya chini ya kidevu, hapo kifua kinainuka polepole na wewe mwenyewe unakiona. Hakuna mwalimu wa kukudanganya, na huwezi kumdanganya mwalimu. Kitabuni nilisoma mambo hayo chuoni na mtihani nikafaulu. Mkono ni habari nyingine.

Mdoli unakuja na mafunzo yake, Helping Babies Breathe, yaliyozinduliwa 2010 na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani pamoja na Shirika la Afya Duniani na wenzao. Bango lake lina rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, na picha zake anazifuata hata asiyejua Kiingereza. Kausha. Analia? Safisha njia kama kuna uchafu, sugua mgongo. Bado? Kata kitovu, pumulisha, mara 40 hivi kwa dakika. Mambo ya juu zaidi hayamo, na naona walifanya vizuri kuyaacha. Katika watoto 100 wanaozaliwa, kama kumi hivi wanahitaji kusaidiwa kidogo ili wapumue. Wanaohitaji dawa na kukandwa kifua hawafiki hata mmoja. Wengi wanataka kukaushwa, kusuguliwa na hewa. Vitu hivyo viko ndani ya uwezo wa zahanati yenye kitenge na ambu.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuyapokea, ikaanza na hospitali nane. Matokeo yalipochapishwa 2013, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimepungua kwa asilimia 47, na waliozaliwa wafu wakiwa bado wabichi, yaani waliofia njiani uchungu ukiendelea, kwa asilimia 24. Sababu ya hao wa pili ni rahisi kwa mtu wa leba kuielewa: baadhi yao hawakuwa wafu. Walikuwa wamechoka sana, wakaandikwa wafu kwa kuwa hakuna aliyewapumulisha.

Hapo wengi husimulia na kuishia, na mimi nataka twende mbele kidogo, maana ndipo somo lilipo. Majirani zetu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, walifanya jambo la uaminifu. Walikwishakaa leba na saa mkononi wakipima kila mtoto, wakaona kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpumulisha zinaongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kubaki amelazwa. Wakawafundisha watumishi kozi ya siku moja. Miezi saba baadaye wakawapima. Mbele ya mdoli watu walikuwa wazuri sana. Mbele ya mtoto halisi, hakuna kilichobadilika. Walichapisha hivyo hivyo, bila kuficha.

Kisha wakabadilisha namna ya kufundisha, siyo kitabu. Mdoli ukahamia leba, akachaguliwa mtu wa hapohapo kuwa kiongozi wa mazoezi, na watumishi wakawa wanafanya dakika tatu hadi tano tu, kila wiki, wakiwa zamuni. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Bango ni lile lile, mdoli ule ule, hospitali ile ile. Kilichoongezeka ni mazoea.

Njia hiyo sasa imeenea mbali na Haydom. Mradi wa Safer Births ulipeleka mazoezi ya namna hiyo, pamoja na vifaa vya kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto na utaratibu wa kukaa chini na kusoma takwimu zenu wenyewe, kwenye hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalitoka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine: vifo vya mapema vya wachanga vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vifo vya akina mama kwa takriban asilimia 75. Sikuwa kwenye mradi huo na mdoli peke yake haustahili sifa yote hiyo. Ila mtu akiniambia mafunzo endelevu ni kupoteza muda wa kazi, namtajia mikoa hiyo mitano.

Kwetu tunafanya asubuhi, wakati zamu ya usiku inakabidhi, kwa sababu ndipo watu wawili wawili wanapatikana bila kuitana. Maji ya vuguvugu tunachota kwenye birika la chai. Mdoli unalala kwenye meza ileile ya kupokelea mtoto, ambu ni ya aina ileile, saa ni ileile ya ukutani. Anayefundisha anasema tu, "Mama ana uchungu kamili, mtoto ndio huyo anakuja, uko peke yako." Unauliza kilichoandaliwa, unakausha, unasikiliza. Yeye kimya, hajaminya kitu. Unasugua mgongo. Kimya. Hapo ndipo ninapowaangalia watu macho, maana wengi huongeza kusugua. Anasugua tena, na tena, kwa matumaini, na dakika inaondoka. "Acha kusugua, shika ambu," anaambiwa. Zoezi zima halimalizi chai ya mtu. Dada yetu mkubwa wa leba, aliyezalisha tangu enzi za taa ya chemli, alilipokea kwa mashaka mwanzoni, akasema yeye midoli aliacha utotoni. Leo ndiye anayeshika pampu, na ni mkali: ukichelewa hakupi kilio.

Na wanaoitwa mezani siyo wauguzi peke yao. Nataka nikae hapa kidogo. Semina za nje hualikwa mganga mfawidhi, au mkuu wa leba, au yule ambaye zamu yake ya kusafiri imefika. Mhudumu wa afya, yule msaidizi asiye muuguzi, haalikwi. Nenda usiku kwenye zahanati nyingi za vijijini uone ni nani aliyeko. Ni yeye. Mafunzo ya dakika tano ya palepale kazini hayana mwaliko, kwa hiyo yanamfikia.

Usiku mmoja wa masika, umeme umekatika, nilikuwa na mama wa uzazi wa nne. Mtoto alitoka vizuri lakini kachoka, na nyuma yake ikafuata damu isiyo ya kawaida. Nilimkabidhi mtoto mhudumu wetu na nikabaki na mama, sindano ya oksitosini, mkono wangu juu ya tumbo nikisugua mfuko wa uzazi. Tochi ya simu ilikuwa imeegemezwa kwenye sinia, ikimulika meza ya mtoto zaidi kuliko mimi. Nilimsikia anakausha, kitenge kikikwaruza ngozi. Nikasikia anatupa kile cha mvua na kuvuta kikavu. Kimya. Kisha mkasi, kisha ile sauti ya ambu, na yeye anahesabu kwa sauti kama tunavyofanya asubuhi: "Minya, mbili, tatu. Minya, mbili, tatu." Akanyamaza. "Hakipandi," akasema, hakuniambia mimi, alijiambia. Nikataka kugeuka, mama naye bado anatoka damu. Nikamsikia anatengeneza barakoa upya, "kichwa... mdomo..." akiyataja mambo ya bangoni moja moja, halafu akaanza tena kuhesabu, na safari hii sauti yake ilikuwa imetulia. Bibi wa mtoto aliuliza kutoka kwenye korido, "Wanangu, mbona halii huyo?" Mhudumu akamjibu bila kuacha kuminya, "Anafanyiwa kazi, bibi. Tuombee." Mtoto alikohoa kwanza, ndipo akalia. Mama naye damu ilikata. Yule mhudumu hajawahi kuhudhuria semina hata moja ya mtoto mchanga katika maisha yake ya kazi. Alikuwa na zile asubuhi.

Sasa ile nyota.

Kwanza, mdoli hauna utelezi wala damu, wala mama anayelia pembeni. Anayeuweza anaweza bado kutetemeka siku yenyewe. Dawa yake ni kufanyia mazoezi kwenye meza halisi na kwa zana halisi. Mkiufanyia ofisini juu ya meza ya mafaili, mnapoteza nusu ya faida.

Pili, mdoli wa kawaida unakuonyesha kifua tu. Haukwambii unaminya kwa kasi gani wala hewa imevuja kiasi gani. Iko aina nyingine, NeoNatalie Live, inayounganishwa na programu kwenye tableti na kukupa majibu ukimaliza. Kwa hospitali ya wilaya ningeishauri. Kwa zahanati yenye paneli moja ya sola inayogombaniwa na friji ya chanjo, huu wa kawaida na mwenzio mwenye macho makali vinatosha.

Tatu, na hapa ndipo nyota ilipokwenda hasa, ni namna tunavyougawa na kuuhesabu. Nimewahi kufanya kazi wilaya moja ambako midoli ilikaa stoo kwenye maboksi yake, imeandikwa leja vizuri, kwa kuwa aliyesaini ndiye mwenye ufunguo na hakuna aliyetaka kujibu ikipotea. Siku za mafunzo ilitolewa hotelini, watu wakafanya mara moja moja kwenye foleni, wakapigwa picha, ikarudi stoo. Posho sizisemi vibaya, mtumishi aliyesafiri ana haki ya kula na kulala. Ila tulikwishaoneshwa na Haydom kwamba siku moja ya hotelini haifiki kwenye mikono. Halafu tukija kuhuisha leseni, zinazonihesabikia mimi ni siku zenye cheti. Zile asubuhi zetu hazijawahi kuniletea pointi hata moja. Ningeomba wenye kupanga mafunzo endelevu wazitazame: daftari la mazoezi lipo, tarehe zipo, majina yapo, na msimamizi anaweza kulisaini akija kukagua. Muuguzi wa mbali akipata pointi palepale kituoni kwake, hafungi leba kwenda kuzitafuta mjini, na mama atakayefika siku hiyo atamkuta.

Uhamisho nao unatuumiza. Mnamfundisha mtu mpaka anaiva, barua inakuja, ameondoka. Ndiyo maana siamini katika kumfundisha bingwa mmoja. Wafundishwe wote, pamoja na anayefagia kama zamu ya usiku humkuta yeye.

Na nisisahau mipaka ya kozi: ni ya pumzi tu. Haikufundishi kumlisha njiti, wala kumtambua mchanga aliyeanza kuugua sepsisi, maambukizi yaliyoenea mwilini, siku ya tatu. Kwa watoto wakubwa wanaoletwa hoi kwa malaria au nimonia, wenzetu Wakenya wana kozi nzuri ya siku tano, ETAT+, waliyoikuza kutoka kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Nayo naamini ingefaa kukatwakatwa vipande vya dakika tano.

Kuna wenye asili ya huku, walioko Dar au nje ya nchi, ambao hutuuliza walete nini nyumbani. Wengi wanawaza vitanda. Kitanda kinaonekana, tunashukuru. Lakini kwa zahanati inayozalisha, mimi ningeomba mdoli mmoja, ambu mbili za mtoto mchanga zenye barakoa za saizi zote mbili, ya mtoto wa kawaida na ya njiti, kile kifaa cha kunyonyea ute kinachochemshwa na kutumika tena, na bango la plastiki la kubandika ukutani usawa wa macho. Ambu zote ziwe halisi, na ya mazoezi iwekewe alama ili isichanganyike, maana ya kazi lazima ioshwe na kutakaswa kila baada ya mtoto. Kabla ya kutuma, uliza swali moja: nani ataongoza mazoezi, na saa ngapi? Wakikutajia mtu na saa, tuma. Wakikutajia kamati, ngoja kwanza.

Na wewe mkunga mwenzangu uliye zahanati, usianze kwa kutafuta fedha. Muulize mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya yako. Kuna uwezekano mkubwa mdoli upo tayari ulibaki kwenye mafunzo ya zamani. Omba ukaazimwe kwa maandishi, ubebe kwenye begi ukiwa hauna maji, ni mwepesi, na kesho yake asubuhi uchemshe birika.